Mafuta ya Kapi

Tribhovan aling'oa paa la makuti kwa kiburi chake, na jasho likatutoka sisi. Nyumba yake pale Shella ya Malindi ilikuwa ya mawe, duka chini, jamaa yake juu, na zamani iliezekwa makuti kama nyumba ya kila mtu mwenye akili. Makuti hupumua. Lakini Tribhovan aliona mabati kwa Wazungu, akaagiza yake kutoka Bombay, akaezeka, kisha akasimama njiani mikono kiunoni akiyatazama yanavyometa. Ilipofika saa sita mchana watu wa nyumba yake walikuwa wakiiva humo ndani kama mihogo. Badala ya kukubali kwamba amekosea, akaajiri watu wa kuipoza nyumba. Watu wenyewe ni mimi na Kombe. Hiyo ilikuwa miaka michache kabla ya vita vya Wajerumani.

Mimi naitwa Kanze. Kazi yangu ilikuwa mikeka ya milango. Si mikeka ya kulalia. Hii ilisukwa kwa mizizi ya nyasi fulani yenye harufu nzuri, ikaletwa na jahazi kutoka kwao Bara Hindi. Nilikuwa nikiitundika kwenye milango na madirisha ya upande wa upepo, nikiimwagia maji ya kisima tangu jua likipanda hadi linaposhuka. Upepo ukipita kwenye mkeka uliolowa, huingia ndani umepoa. Ukiuacha ukauke, ni kama hukufanya kitu.

Kazi ya Kombe ilikuwa pangaboi. Palikuwa na boriti nyepesi iliyoning'inizwa katikati ya sebule ya juu, imeshonewa kitambaa kizito, na kamba yake ilipita kwenye kapi la mti, ikatoka kwa tundu la ukuta mpaka roshani. Mtu akikaa roshani na kuvuta, kitambaa huenda na kurudi, na walio ndani hupata nafuu. Kapi likikauka hulia, na kilio chake kilikuwa cha kuumiza meno, kwa hiyo ilikuwa lazima lipakwe mafuta ya mbarika kila asubuhi. Mafuta nilikamua mwenyewe, kama tunavyokamua kwetu, nikiyaweka katika kibuyu. Kupanda ngazi ya mti na kuyapaka ilikuwa juu ya Kombe.

Sasa nieleze kwa nini kazi ile ilikuwa roho yangu. Kwetu ni Tezo. Mume wangu alipokufa, ndugu yake Mwambire akataka kunirithi. Siitukani desturi, wako wanawake waliorithiwa wakapendwa. Lakini Mwambire alikuwa na wake tayari na wote walikuwa wamechakaa kwa jembe, na mimi nilimwona alivyonitazama matangani: alinitazama mikono, hakunitazama uso. Nikakataa. Shauri likapelekwa kwa wazee, wakavutana, mwisho wakakata hivi: maadamu Kanze ana kazi mjini na anajilisha, aachwe. Siku atakayokuwa hana kazi, arudi kwa Mwambire. Basi kila Mwambire alipokuja Malindi kuuza mahindi, alipita chini ya roshani ya Tribhovan akaniuliza swali moja.

"Mulamu, kazi ingalipo?"

"Ingalipo, mulamu," nami humjibu, na kumwaga maji kidogo karibu na miguu yake. Sisi mashemeji huitana hivyo, mulamu, hata tukichukiana.

Huyo Kombe alikuwa mtu mzuri sana kwa kila mtu asiyefanya naye kazi. Alizaliwa pale pale Shella, akakulia ufukweni miongoni mwa mafundi wa vyombo vya bahari, akajua hadithi za bandari zote asizowahi kufika. Alitafuna tambuu, alicheka kwa urahisi, alijua maneno ya Kihindi ya kumchekesha Bhanumati, mama yake Tribhovan, bibi mwenye nyumba kwelikweli, ambaye sijapata kumwona akimchekea mtu mwingine. Neno lake Kombe lilikuwa moja: nakuja. "Kombe, kapi linalia." "Nakuja, dada Kanze." "Kombe, kamba inachanika hapa kwenye fundo." "Nakuja." Ungezeeka ukimngoja.

Naye alikuwa na hila. Aliifunga kamba kwenye kidole gumba cha mguu, akajilaza chali juu ya busati, akawa anavuta kwa mguu. Punde mguu ukaendelea na kichwa kikalala. Punde nyingine na mguu nao ukalala. Hapo pangaboi husimama, na sauti ya Bhanumati hutoka ndani kali. Mara ngapi nilipita na mtungi nikamnyunyizia maji usoni ili aamke kabla hajaitwa! Mara ngapi niliivuta ile kamba kwa mkono mmoja huku mkono mwingine unamwagia mkeka! Wahenga walisema usimwamshe aliyelala, ukimwamsha utalala wewe. Mimi nilimwamsha kila siku. Kazi yangu ikafanywa nusu, yake ikafanywa nzima, na shukrani akapewa yeye.

Siku moja nikasema basi. Nikamkalia kitako pale roshani.

"Kombe, tuseme kweli. Mimi nikikosa kazi hii narudi Tezo kuolewa na mtu nisiyemtaka. Wewe ukikosa, unarudi ufukweni kupiga soga. Mzaha wako unanigharimu mimi."

"Dada Kanze, nani atakufukuza wewe? Wewe ndiye nyumba hii."

"Panda upake kapi."

"Nakuja."

"Sikunyunyizii maji tena. Ukilala, lala. Na kamba siivuti."

Akacheka, akaniambia moyo wangu mkavu kuliko kapi lenyewe. Nikaenda kwa Bhanumati, nikamwambia wazi kwamba Kombe analala na kapi halipakwi. Akanipungia mkono kama anayefukuza kuku. Ugomvi wa watumishi, alisema, usipande ngazi zake.

Kesho yake ajabu ikatokea: kapi likanyamaza. Halikulia asubuhi, halikulia mchana, wala siku zilizofuata. Nikafikiri maneno yangu yamemwingia. Lakini nilipokitikisa kibuyu changu kilikuwa kimejaa vilevile, hakuna aliyekigusa.

"Umepaka nini?" nikamuuliza.

"Dawa," akasema, akitafuna tambuu. "Ukiipaka mara moja, hupandi tena mwezi mzima. Mambo ya kisasa."

Ningemshika hapo hapo anieleze. Sikumshika, kwa kuwa mtungi ulikuwa kichwani na Prabhavati, mke wa Tribhovan, alikuwa amejifungua juzijuzi, na chumba chake kilitaka mkeka mbichi kila wakati.

Ikafika siku ya kumpa mtoto jina. Sebule ya juu ilijaa wanawake wa Kihindi waliovaa hariri, watoto wao, na harufu ya ubani na samli. Ilikuwa kaskazi ya mwisho, ile ambayo upepo umekata tamaa na jua halijakata. Mabati juu yalikuwa yakilia tak, tak, kwa moto. Katikati, chini kabisa ya pangaboi, kilitandikwa kitambaa cheupe, mtoto akalazwa juu yake, na kando yake sinia kubwa la halua na vitamu vingine. Mimi nilikuwa mlangoni nikimwagia mkeka. Shangazi wa mtoto akainama kumnong'oneza jina sikioni.

Tone likadondoka.

Lilianguka juu ya kitambaa, karibu na kichwa cha mtoto. Jingine likaanguka ndani ya sinia. Lilikuwa jeupe, zito. Wote wakatazama juu. Bhanumati akalichovya kwa ncha ya kidole, nadhani akidhani ni samli imerukia mahali, akakipeleka puani. Uso wake ukabadilika, na mimi nikajua kabla hajasema, maana harufu ilikuwa imenifikia mlangoni. Kila mtu wa Shella anaijua harufu ile. Ni deheni: shahamu ya ng'ombe iliyopondwa na chokaa, mafundi hupaka vyombo chini ili maji yasipenye. Haioshwi na maji ya chumvi na hushika mwezi mzima. Isipokuwa ukiipandisha chini ya mabati ya Bombay siku ya kaskazi, hapo huyeyuka.

Na ile ilikuwa nyumba ambayo hata yai halikuingia. Mgeni mla nyama alipewa maji nje, katika kikombe chake peke yake. Ng'ombe kwao si kitoweo, ni mama. Na sasa mama huyo alikuwa amedondoka, amesagwa na chokaa, juu ya mtoto wao wa kwanza wa kiume na juu ya vyakula vya wageni.

Sitaki kuusimulia ule mchafuko. Sinia lilimwagwa, mtoto akaogeshwa upya, mgeni mmoja akatapika. Bhanumati akanigeukia mimi.

"Mafuta ya kapi ni nani naleta?"

"Ni mimi, lakini haya si yangu. Mafuta yangu ya mbarika, mti. Hii ni deheni, Bibi. Imetoka ufukweni, imeletwa na Kombe."

Kombe akaitwa. Akaingia na uso wa mtu aliyeitwa kula. Nikangoja aseme. Nilidhani hata yeye, mbele ya mtoto yule, angesema. Akaangalia chini, akasema kwa upole, "Mafuta ya kapi huleta Kanze, Bibi. Siku zote."

Maneno yote ya kweli, na mkusanyo wake ni uongo mtupu! Damu ilinipanda mpaka macho yakaona giza.

"Mtazameni kucha!" nikasema. "Zina weupe wa chokaa!"

Akanyoosha mikono mbele yao, taratibu. "Chokaa ya tambuu, dada. Unanijua natafuna."

Nikasema apekuliwe. Akapekuliwa, hakuwa na kitu. Sikujua alikoficha. Wanawake wale wote wakanitazama mimi, mwanamke wa Kigiriama aliyevaa kaniki, anayenuka mafuta yake mwenyewe, ambaye kwao wana ng'ombe na wanachinja. Wakaona wamepata jibu.

"Weye naleta ng'ombe ndani ya nyumba yangu," Bhanumati akasema, na kwa sauti ambayo nadhani waliisikia mpaka sokoni. "Mchafu! Toka!"

Tribhovan akanivuta kando. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa kutaka mambo yaishe. Akaninong'oneza: "Kanze, piga magoti, omba radhi mbele ya mama. Sema hukujua. Nitamtuliza, na kazi yako utakuwa nayo. Yaishe."

Nawaambieni ukweli, nilimfikiria Mwambire. Nilijua yuko chini, nilimwona asubuhi akipita na mahindi yake. Magoti yangu yalikuwa tayari yamelegea. Neno moja tu, na ningebaki Shella. Lakini nikamwona Kombe akinitazama kwa huruma, ndiyo, kwa huruma, kama kwamba yeye ndiye angenisamehe. Magoti yakakaza.

"Radhi huomba aliyekosa," nikasema, kwa nguvu ili wote wasikie. "Sikukosa. Siombi."

"Basi nenda," akasema Tribhovan, akanipa kibuyu changu mkononi kana kwamba kina ukoma.

Nikashuka ngazi za mawe zilizotoka roshani mpaka njiani. Mwambire alikuwa amesimama chini yake, fimbo begani, gunia tupu mkononi. Ukelele wa Bhanumati ulikuwa umemfikia. Meno yake yote yalikuwa nje.

"Mulamu," akasema, "kazi ingalipo?"

Nikakibana kibuyu kwapani.

"Mungu si Athumani. Kachukue vitu vyako twende, tufike Tezo kesho mapema. Shamba la mpunga limeota magugu."

Hakusema hata pole. Magugu! Nikavuka njia, nikaketi juu ya baraza ya Fazal, muuza vitambaa, ng'ambo ya nyumba ya Tribhovan. Kutoka pale niliona ngazi za mawe, roshani, tundu la kamba, na busati la Kombe. Kibuyu nikakipakata.

"Inuka," akasema Mwambire.

"Keti, mulamu. Umeningoja miaka, ngoja kidogo tena."

"Ngoja ngoja huumiza matumbo."

"Basi umia."

Kule juu nilisikia maji yakimwagwa na Bhanumati akiamuru. Kapi likateremshwa, likasuguliwa kwa majivu na maji ya moto mpaka likabaki mti mtupu, kisha likarudishwa, kwa sababu wageni walikuwa bado wamo na jina la mtoto lilikuwa halijatolewa. Nikaliwaza lile kapi lililokauka kama mfupa. Nikamwaza Kombe. Hapo ndipo nilipoona jambo waziwazi. Nilikuwa nimehangaika miezi yote kumzuia mtu yule asionekane alivyo. Sasa sikuwa na haja ya kufanya lolote.

"Mulamu," nikasema, "nakuwekea ahadi, na Fazal dukani ni shahidi. Kapi lile litalia sasa hivi. Watamtaka Kombe alipake mafuta. Mafuta ninayo mimi hapa. Kombe akishuka ngazi zile kuja kuniomba, nitampa bila neno, na nitakufuata Tezo, na magugu yako nitayang'oa. Lakini adhana ya alasiri ikilia naye hajashuka, unarudi peke yako, na hunijii tena kwa habari ya kunirithi."

Mwambire akazipima zile ngazi kwa macho. Zilikuwa fupi, kikongwe angeshuka na kupanda bila kupumzika. Akamtazama Kombe pale juu, kijana mwenye miguu yake miwili. Akacheka mpaka akajishika mbavu.

"Hizi? Ngazi hizi?"

"Hizo hizo."

"Nimekubali. Fazal, umesikia?"

Fazal akasema amesikia, na akaacha kukunja vitambaa.

Hatukungoja sana. Kombe aliketi, akafunga kamba kidoleni, akavuta, na kapi likalia. Kilio kile! Mbwa waliokuwa wamelala kivulini waliinuka wakaondoka. Ndani mtoto akaanza kupiga kelele, na Bhanumati naye: "Kombe! Mafuta!"

"Nakuja, Bibi!"

Akasimama. Akaja ukingoni mwa roshani, akaniona, akakiona na kibuyu. Akazitazama ngazi. Mwambire hakuweza kujizuia.

"Ewe kijana!" akaita. "Mafuta haya hapa! Shuka!"

Kombe akaweka mguu kwenye kipandio cha kwanza.

Moyo wangu uligonga kibuyu. Hapo kikanijia kitu ambacho sikukipanga. Nilimkumbuka Prabhavati, mzazi mbichi, aliyekuwa akiniambia asante kila nilipobadilisha mkeka wake, na mtoto aliyetiwa uchafu mara moja siku yake ya jina. Nilikuwa najua vema kile ambacho Kombe angefanya asiposhuka. Nikaona siwezi kuupata uhuru wangu kwa kunyamaza, halafu nikajiita mkweli. Nikasimama juu ya baraza.

"Kombe!" nikapaza sauti. "Shuka uchukue mafuta! Usipake kitu kingine! Lile lililodondoka ni ng'ombe, na kwao ng'ombe ni haramu kubwa. Umesikia? Hawakukasirikia doa, wamekasirikia ng'ombe! Shuka!"

Mwambire akanitazama kana kwamba nimerukwa na akili. Nilikuwa nimefanya kazi yake.

Kombe akanitazama, jua linamchoma kichwani, tambuu shavuni. Akaziangalia ngazi kutoka juu mpaka chini, halafu kutoka chini mpaka juu, maana mtu akishuka sharti apande.

"Nakuja, dada Kanze," akasema.

Akaurudisha mguu. Akatia mkono ndani ya lile tundu la kamba, mpaka kwenye kiwiko, akatoa kifuu cha nazi. Kumbe ndiko kilikokuwa! Akaingia nacho ndani.

Nilikaa. Fazal akasema kwa Kihindi jambo ambalo sikuhitaji kutafsiriwa.

Nilichokuja kuelezwa baadaye ni kwamba aliipanda ngazi ya mti mbele ya wageni wote, akichekacheka, akiwaambia watoto wasogee. Akachota deheni kwa vidole, akaanza kulisiliba kapi. Akamwambia Bhanumati asiwe na wasiwasi, kwamba safari hii anapaka kidogo tu ili lisidondoke. Kidogo tu! Mtu huyo hakuwa na ubaya moyoni hata chembe, na ndiyo maana alikuwa hatari.

Sisi njiani tulisikia ukelele mmoja, kisha kelele nyingi. Kifuu kikaruka kutoka roshani, kikapasuka mbele ya miguu ya Mwambire, na deheni ikamtapakaa kwenye vidole. Nyuma yake akatoka Kombe. Sasa zile ngazi alizishuka, na alizishuka kwa kuruka, huku Bhanumati akimfuata na ufagio mpaka kipandio cha mwisho. Hakunisogelea kuomba kitu. Alipita mbio kuelekea ufukweni, na huko ndiko alikobaki, anapaka vyombo deheni, kazi ambayo hata akilala, jahazi halina Bhanumati wa kumwona.

Tribhovan akatokea roshani, kilemba kimekwenda upande.

"Kanze! Panda juu, upesi. Mtoto anaungua."

Mwili wangu ulitaka kukimbia. Nikaulazimisha ukae.

"Nilifukuzwa kwa sauti kubwa," nikasema. "Nani ameniita mchafu? Sokoni wamesikia. Basi sokoni wasikie na hili."

"Kanze, joto!"

"Joto nalijua. Paa ni lako."

Fazal akakohoa kuficha kicheko. Tribhovan akaingia ndani. Nilisikia wakivutana, sauti yake ya chini na ya mama yake ya juu, kisha sauti ya tatu, nyembamba, ya Prabhavati kutoka chumba cha ndani, ambayo sikupata kuisikia ikimjibu mama mkwe wake kabla ya siku ile. Wanawake wale wa hariri wakaanza kutoka roshani mmoja mmoja, wakijipepea kwa masinia matupu, wakinitazama mimi na kibuyu changu. Mwambire alikuwa anafuta vidole vya miguu kwa gunia.

"Amekuita, panda basi," akaninong'oneza, na nadhani kwa mara ya kwanza maishani alinitazama uso. "Wataghairi."

"Waghairi."

Mwishowe Bhanumati akatoka. Alishika ukingo wa roshani kwa mikono miwili. Alikuwa amelowa jasho, na pengine na machozi, sijui, sikutaka kujua. Akanikazia macho, nami nikamkazia.

"Kanze," akasema.

"Naam, Bibi."

"Mafuta yako safi." Akapumua. Nikangoja. Akaona nangoja. Akapaza sauti, ile ile ya sokoni. "Weye si mchafu! Mafuta yako safi! Mimi nakosa! Njoo!"

Nikainuka, nikakung'uta kaniki yangu, nikashika kibuyu. Wakati ule ule mwadhini wa msikiti wa pale jirani akaanza kuita alasiri. Mwambire alisimama na gunia lake lenye deheni, amepooza, kama mtu aliyekuja arusini akakuta wamehama.

"Na mimi huko Tezo niwaambie nini wazee?" akauliza.

Nilikuwa nimekwisha kuweka mguu kwenye kipandio cha kwanza. Nikageuka.

"Waambie mbarika ziko tele mashambani kwenu zinaoza bure, na Kanze anataka mbegu. Ukija tena na mahindi, niletee gunia. Nitanunua kama ni safi."

Nikapanda.